Sinia la Futari Limetoka Wapi?



Ndugu zangu, leo nitarefusha. Asiyekuwa na nafasi sasa aihifadhi aisome baada ya Isha, na anayependa maneno mafupi anisamehe.

Nakuomba ufanye jambo moja jepesi. Jioni ukikaa mbele ya sinia la futari, kabla muadhini hajafungua mdomo, litazame. Usilitazame kwa njaa. Litazame kama mtu aliyekabidhiwa mali ya yatima, ambaye lazima ajue kila kitu kimeingia kutoka wapi na kimetoka kwenda wapi. Mchele huu kaulima nani? Ngano ya hizi kaimati imevunwa nchi gani? Na mafuta yaliyozikaanga? Na sukari? Na sinia lenyewe, na kanga aliyojifunga aliyepika, na kanzu uliyoivaa wewe unayesubiri kula?

Mimi nimelifanya hilo hapa kwetu Pemba. Mchele ulikuwa mapembe, umeshushwa na meli kutoka Asia. Unga wa ngano, ngano ya nje. Mafuta ya mawese, na hayo hutoka Malaysia au Indonesia. Sukari, mara ya Mahonda, mara ya nje. Tende nimeziacha, maana mitende si mti wetu. Kilichotoka kwenye udongo na bahari yetu kilikuwa muhogo, nazi, ndizi mbichi, pilipili na samaki. Na katika birika la chai mlikuwa na punje tatu za karafuu. Hizo punje tatu ndizo zilizonitia maneno yote haya.

Unajua, ndugu yangu, kisiwa hiki Waarabu wa kale walikiita Al-Jazira al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na wala haikuwa kwa sababu ya karafuu. Karafuu hazikuwepo. Karne ya 16 na ya 17, Wareno walipokuwa Mombasa, Pemba ndiyo iliyokuwa ghala la pwani hii. Mpunga wa Pemba ulipakiwa majahazini ukavuka kwenda kulisha Mombasa, na askari waliokaa ndani ya ngome ile walikuwa wakitazama upepo kujua chakula cha Pemba kitafika lini. Kisiwa kilichokuwa kikilisha watu, leo kinasubiri meli ya mapembe. Jiulize imekuwaje.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Wafaransa waliitoa miche kule kwa kificho wakaipeleka visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said bin Sultan, aliyehamisha makao yake kutoka Maskati kuja Unguja, akaamuru watu wapande, mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Na tusifiche kitu, maana mtu wa dini hafichi dhulma kwa kuwa ilifanywa na watu wa dini yake: misitu ilifyekwa na karafuu zikachumwa kwa mikono ya watumwa. Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambako madhara yalikuwa madogo zaidi, ikawa ndiyo shamba kuu. Mabonde ya mpunga yalibaki pale pale, lakini mikono na akili za watu zilikuwa zimeshapanda juu ya miti. Mchele ukaanza kuja kutoka Bara Hindi. Tukawa tunauza harufu na kununua shibe.

Mimi nimezaliwa ndani ya biashara hiyo. Msimu ulipokuja skuli zilikuwa zikifungwa, na sisi watoto tunapelekwa shamba. Wakubwa juu ya mti, wamefunga matawi kwa kamba yasivunjike. Sisi chini tunaokota. Usiku taa ya chemli katikati, nyumba nzima imekaa kuchambua, karafuu upande huu na makonyo upande huu, vidole vimekuwa vyeusi na macho yanawasha. Asubuhi majamvi yanatandikwa, na mama ana jicho moja kwenye chungu na jicho jingine kwenye wingu, kwa sababu mvua ya dakika kumi inaweza kuharibu kazi ya siku nne. Msimu ukiwa mzuri watu wanalipa madeni, wanaoa, wanaezeka mabati. Baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa akisema kwamba mkarafuu ni mtoto asiyesahau wazee wake.

Kisha bei ikafa.

Haikufa siku moja. Msimu mmoja ikashuka, msimu wa pili ikashuka tena, na wazee wakawa wanaambiana kwamba itarudi. Haikurudi. Nakumbuka baba akimuuliza karani wa kituo cha kununulia, kwa adabu kabisa: "Bwana karani, karafuu zimeoza au watu wameacha kupika pilau?" Karani akamjibu kwamba Indonesia hainunui tena. Njiani tukirudi, gunia tupu begani, baba akaniuliza mimi niliyekuwa skuli, "Hiyo Indonesia iko upande gani?" Nikamwonyesha upande wa bahari. Akatazama huko muda mrefu kama anayetazamia kuona moshi.

Sasa nikueleze mambo ambayo baba hakuelezwa. Karafuu zetu, kwa sehemu kubwa, hazikuwa zikienda kwenye pilau ya mtu yeyote. Zilikuwa zikienda Indonesia kutengenezwa sigara. Wao wana sigara zao ziitwazo kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na viwanda hivyo vilikuwa na njaa ya karafuu kuliko mashamba yao yalivyoweza kutoa. Wakawa wananunua kwetu na Madagascar. (Naam, misikiti yetu mingine imeezekwa kwa pesa ya moshi. Hilo tuliache, lina kikao chake.) Kisha serikali yao, miaka ya 1970, ikasema: mti huu asili yake ni kwetu, kwa nini tununue nje? Wakapanda kwa nguvu. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo sisi huku hatukuona kitu, tuliendelea kuezeka mabati. Ilipofika miaka ya 1980 mashamba yao yalikuwa yanakaribia kuwatosha. Mteja wetu mkubwa akawa hatuhitaji.

Walitukosea? Hawakutukosea chochote. Walifanya lile ambalo sisi tulikuwa tukiimba redioni kila siku: walijitegemea. Waliokuwa wamefunga maisha ya kisiwa kizima kwenye mti mmoja na mnunuzi mmoja ni sisi, na mnunuzi yule hakuwa na ahadi yoyote na watoto wetu.

Lakini usiharakishe kuwasifu, hadithi yao ina sehemu ya pili. Miaka ya mwanzo ya 1990, mtoto wa Rais Suharto, anayejulikana kwa jina la Tommy, alipewa ukiritimba wa kununua karafuu nchi nzima. Sababu iliyotajwa ilikuwa nzuri mno: kumlinda mkulima, kusimamisha bei. Kilichotokea ni kwamba maghala yalijaa, mkulima akapata kidogo, na ikafika mahali wakulima wakaambiwa wapunguze mikarafuu yao. Watu wakaikata miti waliyohimizwa kuipanda. Ukiritimba huo ulivunjwa mwaka 1998, Suharto alipoanguka na Shirika la Fedha la Kimataifa likawa limeshika masharti. Hebu fikiri. Nchi ilijitoa katika kumtegemea mgeni, kisha wakulima wake wakaangukia mkononi mwa mtoto wa mkubwa wao wenyewe.

Ndiyo maana mimi mtu akinambia "kujitegemea" namuuliza: nani ajitegemee, na ufunguo wa ghala atashika nani? Nabii Yusuf (a.s.), mtawala wa Misri alipomkaribisha, aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, na alijieleza kwa sifa mbili: kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi. Hakujieleza kuwa yeye ni mtoto wa fulani. Na mpango wake ulikuwa wa mkulima hasa. Walime miaka saba, na nafaka waiache ndani ya masuke yake ili isiharibike, wale kidogo tu, wasubiri miaka saba migumu. Hakungoja njaa ifike ndipo atafute msaada. Na njaa ilipofika, hata ndugu zake waliotoka Kanaani walipimiwa kibaba chao sawasawa, wakauziwa. Hazina ilikuwa ya nchi, na haikufungwa kwa jirani.

Sisi Tanzania tulikuwa na mpango wetu pia. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na kiini chake kila mtu wa umri wangu alikikariri: kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mimi sina ugomvi na maneno hayo. Wengine wanayacheka siku hizi, wanasema tulisimama foleni za sabuni na sukari. Ni kweli tulisimama, nami nilikuwemo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na vita vya Kagera vimemalizika juzi tu, mafuta yamepanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika tangu 1977, na ndani ya nchi mashirika mengi ya umma yalikuwa yanakula kuliko yanavyozalisha. Kila mtu huchagua sababu anayoipenda. Mimi ninayo moja ambayo huwa haitajwi sana: mara nyingi tuliita kujitegemea kitu ambacho kilikuwa ni utegemezi uliovaa kanzu yetu.

Nenda Hanang, mkoani Manyara. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kule kwa msaada wa Kanada, karibu ekari laki moja. Nia ilikuwa kwamba Mtanzania ale mkate wa ngano yake. Nani anaweza kuilaumu nia hiyo? Lakini matrekta yalikuwa ya Kanada, vipuri vya Kanada, wataalamu wa Kanada, dizeli ya nje. Na ardhi ilikuwa malisho ya Wabarbaig, wafugaji waliojua ni bonde gani lichungwe kiangazi na lipi lipumzike. Waliondolewa, makaburi ya wazee wao yakapitiwa na jembe, wakaenda mpaka mahakamani kudai. Ngano ilipatikana, hilo sikatai. Ila Wakanada walipoondoka katika miaka ya 1990 na vipuri vikakatika, mashamba yakadhoofu, na leo ngano nyingi tunayokula inatoka nje. Mwaka 2022 Urusi na Ukraine walipoanza kupigana, bei ya andazi ilipanda Chake Chake. Mama muuza maandazi hajui Odessa ni nini, lakini vita vya Odessa vilikuja kukaa naye jikoni.

Sasa najua kuna mmoja anaandika jibu kabla hajamaliza kusoma: "Sheikh, hiyo simu unayotuandikia imetengenezwa Pemba?" Hapana, ndugu yangu. Wala sijakwambia tufunge bandari. Madina ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ikiletewa unga na mafuta kutoka Sham na nguo kutoka Yemen, na Masahaba walikuwa wafanyabiashara wa masafa. Abdurrahman bin Awf (r.a.) alifika Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari akamtolea nusu ya mali yake, naye akamwombea dua kisha akauliza soko liko wapi. Lakini soko hilo nalo lilikuwa na jambo lake. Wanahistoria wa Madina wanasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachagulia Waislamu mahali pao pa soko, uwanja wazi, asitozwe mtu kodi ya kibanda wala asijihodhie mtu nafasi: anayewahi ndiye anayekaa. Msikiti kwanza, kisha soko. Hakutaka watu wake waswali kwao na kula kwa hisani ya wengine.

Kipimo changu mimi ni hiki, nacho ni rai tu, unaweza kuipinga. Kitu ambacho kikikatika miezi mitatu utakaa ukikilalamikia, kinunue popote duniani. Kitu ambacho kikikatika miezi mitatu watoto watakufa au utauza heshima yako, hicho jitahidi kiwe mkononi mwako. Na miezi mitatu sikuitoa hewani. Desemba 2009 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara kwenda Unguja uliharibika, na umeme ukarudi Machi 2010. Mji mzima giza. Simu zilichajiwa kwa jenereta za majirani, na hilo ni usumbufu tu. Lakini pampu za maji zilisimama, na watu walihangaika na ndoo mchana kutwa, na wenye visima vya zamani uani, visima ambavyo vijana walikuwa wakitaka vifukiwe ili pawe na mahali pa kuegesha gari, wakawa ndio matajiri wa mtaa.

Visima vinanikumbusha kijiji kimoja, sitakitaja. Wafadhili kutoka Ghuba, Allah awalipe kheri, waliwajengea msikiti mzuri sana, marumaru, na kisima chenye pampu ya umeme, na ubao wenye jina la mfadhili. Mwaka wa tatu pampu ikafa. Kipuri hapa hakipo. Wakaandika barua, wakapiga picha, wakatuma. Mfadhili alishahamia mradi mwingine nchi nyingine. Wanawake wakarudi kwenye kisima cha kamba, kilichochimbwa na mzee mmoja zamani akakiweka wakfu, na ambacho kila mwaka kilikuwa kikisafishwa kwa pesa ya minazi sita iliyopandwa kandoni mwake, nayo ni wakfu wa kisima hicho hicho. Yule mzee hakusoma uchumi popote. Lakini alijua kwamba ukitoa kisima bila kutoa kitakachokitunza kisima, umetoa nusu. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akakiacha kwa watu wote, na yeye mwenyewe akawa anachota humo kama mtu mwingine. Wazee wetu waliifahamu sunna hiyo mpaka mizizini. Misikiti mingi ya kisiwa hiki ilikuwa ikipata mafuta ya taa, mikeka na sanda za maskini kutokana na minazi na mikarafuu ya wakfu. Leo imamu anasimama baada ya swala kusoma namba ya simu ya kuchangia, na kamati inaandika barua Kuwait.

Tena wazee walijua kufunga na kufungua. Umar bin al-Khattab (r.a.) alitenga malisho ya hima kule Rabadha kwa ajili ya wanyama wa dola, na aliyempa usimamizi, mtu aitwaye Hunayy, alimuusia jambo la ajabu kwa masikio ya leo. Alimwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache aingie, na wa Ibn Awf na Ibn Affan awazuie. Hao ndio matajiri wa Madina, na ni Masahaba wakubwa! Sababu yake: hao wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurudia, lakini maskini wanyama wake wakifa atakuja kwangu na watoto wake wanalia, na mimi siwezi kuwaacha, basi kutoa majani na maji ni rahisi kwangu kuliko kutoa dhahabu na fedha. Tafakari hapo. Huyu ni kiongozi anayepiga hesabu ya bajeti kwa kuanzia kwa mwenye mbuzi watano.

Na usidhani ni mambo ya kale tu. Nenda Kisiwa Panza, kusini hapa kwetu. Wanakijiji wanakubaliana kuifunga sehemu ya miamba ya pweza kwa miezi, hakuna kuchokoa, halafu wanaifungua siku moja, na pweza wanaotoka ni wakubwa. Hakuna aliyewajengea kiwanda. Wanachohitaji ni kuaminiana, na hilo ni gumu kuliko kiwanda, maana usiku mwamba hauna mlinzi ila Allah. Na dada zetu wa mwani, ambao tangu mwisho wa miaka ya 1980 wanalima baharini, wakikausha na kuuza kwa bei ndogo, mwani unakwenda nje ukiwa mkavu na kurudi umo ndani ya dawa ya meno: baadhi yao sasa wanatengeneza sabuni wenyewe. Sabuni moja ina thamani ya kilo kadhaa za mwani mkavu. Ukienda dukani ukaiona, usimuulize kwa nini ni ghali kuliko ya kiwandani. Nunua.

Nije kwenye jambo lililonisukuma kuandika, ambalo nimelizunguka mpaka sasa. Kijana mmoja aliniandikia faragha. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Ana miaka 24. Baba yake amefariki, babu na bibi walishatangulia. Babu alipewa eka baada ya Mapinduzi, na kwenye eka hiyo pamebaki mikarafuu 40. Mtu wa mjini anaitaka, na bei aliyotaja inatosha tiketi na viza ya Maskati na kubaki. Swali lake lilikuwa neno moja: "Halali?"

Nikamuuliza: baba aliacha deni? Hakuna. Wasia? Hakuna. Mama yuko hai? Yuko. Mko wangapi? "Mimi peke yangu." Nikamuuliza tena, wangapi? "Mwanamume mimi peke yangu, na dada watatu." Ahaa. Basi tukakaa kupiga hesabu kwenye simu. Mama ana thumni, miti mitano. Inabaki thelathini na mitano, mwanamume mafungu mawili, kila mwanamke fungu moja. Yeye miti 14, kila dada miti 7. Nikamwambia: ndugu yangu, unataka kuuza miti 40 nawe una 14. Ile 26 ukiiuza bila idhini ya wenyewe umewadhulumu, hata kama mnunuzi ni mwema, hata kama mama atanyamaza kwa sababu anakupenda.

Akanijia na wazo la pili: akodishe miti yake msimu ujao, achukue pesa sasa, karafuu hazijatoka hata maua. Nikamwambia Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kuiva, na hikima yake waulize wazee wa Pemba waliokwisha kula pesa za misimu mitatu ya mbele kwa mwenye duka, wakawa wanachuma miti yao wenyewe kama vibarua.

Akanyamaza wiki mbili. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa ameitisha kikao. Dada zake wakakataa kuuza, wote watatu, na mkubwa wao akasema kama ni tiketi, ajomba yupo, watamkopa. Akenda Maskati. Simlaumu, na wewe usimlaumu. Watu wetu wamekuwa wakivuka bahari hiyo kwenda na kurudi kabla pasipoti hazijabuniwa, na pesa za Maskati zimesomesha wengi humu mnaosoma. Kilichobaki nyuma yake ndicho kilichonifurahisha. Chini ya mikarafuu dada wamepanda majimbi na hiliki, na pembeni ndizi. Karafuu zinalipa ada za skuli. Majimbi wanakula wao. Bei ikianguka tena, kama ilivyoanguka kwa baba yangu, hawatatazama upande wa bahari kutafuta chakula.

Baadhi yenu mmeniuliza katika maoni yaliyopita, "Na ninyi huko msikitini kwenu mmefanya nini?" Swali la haki. Mwaka jana kamati ilikubali, baada ya ubishi wa vikao vitatu, kwamba sehemu ya michango ya Ramadhani isiende kwenye zulia jipya. Tukaomba mche bora wa mkarafuu na minazi, tukapanda miche 60 kwenye eneo la wakfu lililokuwa limegeuka jaa. Kiangazi kiliua 17. Mbuzi wa jirani, ambaye ni mjumbe wa kamati, walikula minne. Iliyobaki ina urefu wa goti. Masika yakianza tutajaza mapengo in shaa Allah, na safari hii tutazungushia ua wa miti ya michongoma; anayeishi karibu na ana panga, Jumapili ya kwanza ya mvua tukutane pale saa moja asubuhi.

Wallaahu a'lam.